Siku Baba Aliponunua Hisa

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuizika na imekataa kuzikika. Baba yangu aliingia katika banki niliyofanyia kazi, pale Rohero, mtaa wa wakubwa, amevaa kanzu yake ya Idi, na siku hiyo haikuwa Idi. Nyuma yake walikuja wenzake wawili wa bandarini, wamenyoa, wamepaka viatu rangi, wanatembea polepole kama watu walioingia nyumba isiyo yao. Walikuwa wamekuja kununua hisa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya dirisha.

Mama yako ameniambia kwamba umechaguliwa kusomea kazi ya soko la mitaji, wewe na wenzako, na kwamba mkimaliza mtakuwa wa kwanza wa aina yenu katika mji huu. Nimefurahi. Usidhani uzee umenikausha hata furaha ya mtoto wa mdogo wangu isiniguse. Lakini watakaokupongeza ni wengi, nao watakuambia habari za mshahara, za suti, za safari za Nairobi. Hayo yote ni kweli. Mimi nina jambo lingine, na hilo huwezi kulipata darasani, kwa hiyo vuta kiti.

Sisi ni watu wa Buyenzi, unajua. Baba, yaani babu yako Mzee Ramadhani, alikuwa kapita wa wapakuzi bandarini. Mashua zikija kutoka Kigoma na kutoka ng'ambo ya Kongo, yeye ndiye aliyepanga nani abebe saruji, nani abebe chumvi, nani apumzike kwa kuwa mgongo umemuuma. Hakusoma ila Kurani. Mimi alinisomesha mpaka mwisho, na watu wakamcheka kwamba anamwaga maji mchangani, mtoto wa kike ataolewa na elimu yake iishie jikoni. Hakuwajibu. Nilipopata kazi banki, katika kitengo cha hati za thamani, alizunguka mtaa mzima akiwaeleza kwamba binti yake anashughulika na karatasi zinazozaa. Watu hawakuelewa, naye hakuelewa sana, lakini alilitamka kwa raha.

Soko la hisa kama hilo lenu hatukuwa nalo. Tulikuwa na hati fungani za serikali, ambazo mtu huzinunua akaikopesha nchi na kupata faida mwisho wa muda, na tulikuwa na kampuni chache zilizokuwa na wenye hisa, ambao banki yetu iliwatunzia orodha. Mwenye hisa akitaka kuuza, alikuja kwetu na mnunuzi wake, tukaandika. Basi. Soko letu sisi wa zamani lilikuwa hilo, meza nne na dirisha moja.

Mkuu wa kitengo alikuwa Mzee Salvatori, mtu wa Gitega, mpole, mwenye sauti ya chini hata ukakaribia kumwinamia ili umsikie. Siku niliyokula kiapo cha kutunza siri za kazi aliniita mezani kwake. Akaniuliza kama nimeelewa nilichoapa. Nikamjibu haraka haraka, kwa ujana wangu, kwamba nimeelewa, na kwamba mimi sina tabu, nyumbani kwetu hakuna anayejua hisa ni mnyama gani. Nikacheka.

Yeye hakucheka. Alivua miwani.

"Zaituni, usicheke. Unafikiri watakaokuja kukuuliza ni wezi? Mwizi ni rahisi, utamfukuza. Watakuja wanaokupenda. Utawajibu nini?"

Nikasema nitajua siku hiyo ikifika.

"Siku hiyo ikifika umechelewa," akasema, akarudisha miwani, akaniambia niende kazini.

Niliona ni karipio tu la mzee asiye na kazi. Sikio la ujana lina tundu moja tu, linapitisha sifa.

Mezani nilikaa na kijana aitwaye Leonidas. Sitaki umdhanie mtu mbaya tangu mwanzo, maana hakuwa mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipo. Alinifundisha kazi bila kunisimanga. Nilipougua alibeba kazi yangu na yake. Alikuwa akija kwetu Buyenzi siku za Jumapili, anakula mukeke, samaki wetu wa ziwani, wa kuchoma, kwa mikono kama sisi, anamwita baba yangu Baba. Mama akaanza kunitazama kwa jicho la kuuliza, nami sikukataa wala sikukubali. Nilikuwa nangoja.

Sasa kulikuwa na kiwanda kimoja cha sabuni. Jina lake halina faida kwako. Kilitumia mawese yaliyokuja kwa mashua, na mapipa hayo wapakuzi wa baba ndio walioyashusha. Mwaka nenda mwaka rudi waliyashusha. Mikono yao ilinuka mawese, nguo zao zilinuka mawese. Wenyewe walikuwa na kirimba chao, yaani chama cha kuchangiana, kila mtu anaweka kidogo, na kile kidogo kikawa kinazika wafu wao na kupeleka watoto wao shule. Baba ndiye aliyekishika. Ikawajia fikra kwamba badala ya pesa za kirimba kulala, wanunue hisa za kiwanda kile. Fikra nzuri, mwanangu. Hata leo nasema ilikuwa nzuri. Watu waliobeba mali ya kiwanda migongoni kwa nini wasiwe na kipande chake?

Ila kiwanda kilikuwa kinakufa, na waliojua ni wachache.

Nilijua kwa sababu niliitwa kwenye kikao, mimi na Leonidas, tupeleke orodha ya wenye hisa. Pale ndani wakubwa wa banki walizungumza mbele yetu. Kiwanda kilikuwa kimeshindwa kulipa mkopo wake, kimeomba muda, kimepewa, kimeomba tena. Banki ilikuwa inapima ikifunge au ikipe nafasi ya mwisho. Tulipotoka, Mzee Salvatori alitusimamisha koridoni. Akasema neno hili likitoka nje leo, wauza mawese watakataa kuleta mali, na kiwanda kitakufa kesho na wafanyakazi wake wote. Likikaa ndani, labda kitapona. Sote wawili tukaitikia kwa kichwa.

Haikupita hata mwezi, Ijumaa moja baada ya sala, baba akanikuta uani nikiosha vyombo. Alikaa kwenye ngazi, akauliza habari za kazi, akazunguka kama mtu anayetafuta mlango. Kisha akasema.

"Zaituni, hizi aksiyo, hizi hisa za sabuni. Sisi wa kirimba tunataka kununua. Ni nzuri?"

Nilihisi maji ya sufuria yamekuwa baridi ghafla. Nikamwambia kwamba hilo siwezi kulijibu.

"Hujui?"

"Siwezi kujibu, Baba."

"Mi sikuulizi kama mutu wa banki. Nakuuliza kama mutoto wangu."

Nikaendelea kusugua sufuria. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, lakini hawakusema kata inalala vipi usiku. Nilikuwa na neno moja mdomoni, "msinunue," dogo kama mbegu ya ufuta. Ningelisema, na angeelewa, na wapakuzi wote wangeelewa, na jioni ile ile bandari yote ingejua, na mawese yasingeshuka. Niliwaza wale wanawake wa kiwandani wanaofunga sabuni kwa karatasi. Niliwaza kiapo. Niliwaza pia kazi yangu, sikufichi. Nikanyamaza, naye akaendelea kunitazama mpaka akachoka, akainuka, akafuta kanzu yake vumbi ambalo halikuwapo.

"Haya," akasema. "Sisi ni watu wa kubeba. Labda haya mambo si yetu."

Hapo nilipaswa kumkimbilia. Nilipaswa kumwambia kwamba ninanyamaza kwa kuwa nimeapa, kwamba hata Rais angekuja ningenyamaza. Sikuona haja. Niliamini ananijua.

Wiki iliyofuata ndiyo akaja banki na kanzu ya Idi.

Aliyewaongoza kutoka mlangoni alikuwa Leonidas. Alimshika baba mkono, akawatafutia viti, akawaletea maji ya kunywa. Kisha akaja dirishani kwangu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba Baba na wenzake wamepata muuzaji, karatasi ziko tayari, niandike tu. Nikauliza muuzaji ni nani. Akanitajia mjomba wake mwenyewe, mfanyabiashara mkubwa, ambaye tangu kiwanda kianze alikuwa na hisa zake na hakuwahi kuziuza hata moja.

Nikamtazama Leonidas. Hakukwepa macho yangu. Akasema, "Baba alikuuliza ukakataa kumjibu. Akaniuliza mimi, nikamjibu." Akaenda zake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyekula nami mukeke ndiye aliyemnong'oneza mjomba wake aikimbie meli, kisha akamtafutia mtu wa kupanda mahali pake, na mtu huyo akawa baba yangu.

Niliinuka nikaenda kwa Mzee Salvatori, nikafunga mlango, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanyanyuka, akapanda juu kwa wakubwa. Nilimngoja nimesimama. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa mbele ya wanawe.

"Mjomba wake ni mteja mkubwa," akasema. "Wamesema hakuna ushahidi. Wamesema nisirudie."

Nikamwambia basi nitamwambia baba, liwe liwalo.

Akakaa. Akaniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo, na sijui kama nimempenda au nimemchukia kwa ajili yake. Alisema, "Ukimwambia yeye, yule mjomba atamuuzia mwingine mchana huu huu, mutu asiye na binti banki. Na huyo naye ana watoto. Mi siwezi kukukataza, Zaituni. Ila usiniambie kwamba ni haki. Ni baba yako tu."

Nilitoka. Sikwenda dirishani, nilikwenda kwenye viti walipokaa. Ukumbi ulikuwa umejaa, wanawake wa Rohero na mikoba yao, watu wa wizara na mafaili yao. Nikainama kwa baba nikamwomba arudi nyumbani leo, aje wiki nyingine. Ndilo neno kubwa nililoweza kutoa, na hata hilo lilikuwa limevuka mpaka.

Baba akatazama kulia na kushoto. Akawatazama wenzake, viatu vyao, mikono yao iliyopasuka. Akaniuliza polepole, wasisikie:

"Unatuonea haya?"

Mwanangu, nilitikisa kichwa kukataa. Naye, anayejua kusoma mgongo wa mtu akiwa mbali na kusema huyu leo hawezi gunia, hakuweza kuusoma uso wa mtoto wake. Alisimama, akaenda dirishani, akaweka kidole chake kwenye wino. Aliyeandika alikuwa Leonidas, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama pale pale kwenye viti, kama mgeni.

Kiwanda hakikupona. Banki ililifunga lango lake mvua za masika zilipoanza, na hakuna aliyehitaji gazeti ili ajue. Bandarini mapipa yaliacha kuja. Wapakuzi walimfuata baba, wakauliza pesa za kirimba zitarudi lini, naye akawaeleza alichoelezwa yeye, kwamba mwenye hisa hulipwa mwisho, baada ya wenye madai wote, na kwamba mwishoni huko hakubaki kitu. Hawakumpiga. Hawakumtukana. Walimchagua mwingine awe kapita, na yeye, kwa umri ule, akarudi kubeba. Mwaka ule mwenzao mmoja alifiwa na mkewe, kirimba hakikuwa na pesa ya sanda. Baba alitoa kanzu yake ya Idi, akaiuza.

Ilifika siku akaniuliza. Nadhani mtu wa banki alikuwa amemwambia, au alijipigia hesabu mwenyewe. Tulikuwa tunakula.

"Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

Alitafuna mpaka akameza. Akasema, "Basi we ni mufanyakazi mzuri." Akanawa mikono.

Hakunifukuza, hakunilaani, alipokea nilichomletea na kunishukuru. Lakini tangu siku ile hakuniuliza tena jambo lolote. Si ushauri, si habari za kazi, hata kama mvua itanyesha. Aliishi miaka mingine, na alipofariki wapakuzi walikuja. Walimbeba wao mpaka makaburini, na walimbeba vizuri, maana kubeba wanajua. Hakuna aliyenipa mkono wa pole.

Mzee Salvatori alistaafishwa mapema. Mimi niliendelea na kazi ile ile mpaka nywele zikawa hivi, kwa sababu niliona nikiiacha nitakuwa nimempoteza baba bure. Leonidas alipanda. Mjomba wake alipanda. Juzi juzi hapa, walipofanya mkutano wa kuwaeleza wananchi habari za soko jipya, nilimwona Leonidas amekaa viti vya mbele, mvi zimempendeza, akawaambia vijana kwamba msingi wa masoko ya mitaji ni uaminifu. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, ningefanya nini? Penye wengi pana mengi.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana sikukuita hapa kwangu Gasenyi unisikitikie.

Sikwambii uvunje kiapo. Nimeligeuza jambo hili miaka yote hii na bado sijapata mahali ambapo Mzee Salvatori alikosea. Maneno ya kazi ile si yako, na aliye nje asiye na ndugu ndani ana haki sawa na baba yako. Lakini usidhani kwamba ukitenda haki utalipwa. Mimi nilifunga mdomo, jirani yangu akafungua wake, na tazama nani anahutubia. Ukiingia, ingia ukijua hivyo, usije ukaiona dunia imekugeuka katikati ya safari, nayo hukuwa umeitazama.

Ila kuna kosa moja unaweza kuliepuka, nalo ni hili. Kabla hujaanza kazi, wiki hii hii, kaa na mama yako, kaa na wajomba zako, na yeyote unayemwita wako. Uwaambie wakati bado hujui chochote. Uwaambie: siku mtakaponiuliza mnunue nini, muuze nini, sitajibu. Kikiwa kizuri sitajibu, kikiwa kibaya sitajibu. Nikinyamaza, msisome chochote katika kunyamaza kwangu, ndiyo kazi. Warudie mpaka wachoke. Waache wakucheke, waache wakuite mwenye majivuno. Heshima inavunjwa na ukimya uliokuja ghafla. Ukimya uliotangazwa mapema watu huuzoea. Mzee Salvatori aliniuliza nitawajibu nini wanaonipenda, na jibu lilikuwa hilo, tena nilikuwa na miaka mizima ya kulitoa.

Na ukimwona aliye pembeni yako anauza maneno, usipande ngazi mara moja tu ukashuka. Mimi nilimtuma mzee wa watu akapigwe badala yangu, kisha nikatosheka. Nyinyi mna wasimamizi, mna sheria ambazo sisi hatukuwa nazo. Gonga kila mlango, na ukifungwa gonga wa pili. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kinachojitembeza kikiachwa kitafika kwa mnyonge kwanza.

Kama unaona huwezi kumnyamazia mama yako, hakuna aibu. Kafundishe hesabu, kafungue duka. Bora ujue leo.

Haya, inuka. Mungu akufanye mtu ambaye ukimya wake unaaminiwa nyumbani kabla ya kuaminiwa kazini. Akupe mkuu kama Salvatori na akuepushe na rafiki kama yule niliyempata. Na wazazi wako awape umri mrefu, waendelee kukuuliza mambo, hata yale madogo, kila siku ya maisha yao. Amina.